Matanga ya Mjomba

Juzi niliona turubai limeanikwa sokoni Kondoa, nikamkumbuka mjomba wangu, baharia wa merikebu iliyoleta nguo pwani enzi za Mdachi.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mama alikuwa akipepeta mtama, mpagazi aliyetoka pwani akapiga hodi. "Dada, merikebu ya kaka yako imezama. Yamebaki matanga tu."

Mama aliacha ungo. Mimi, niliyejua matanga ya msiba peke yake, niliangua kilio.

Mpagazi akanishangaa. "Unamlilia nani? Mwenye matanga huyu hapa nyuma yangu!"

Mjomba akaingia akichechemea, amejitwika matanga ya merikebu, vitambaa vizito vinavyonuka chumvi. Mama aliyatandika uani, tukakaa juu yake tukala ugali.

Sijapata tena kukaa matanga huku nacheka.