Maji ya Waridi kwa Mama wa Kisumu

Wakati huo nilikuwa nahudumu kwenye baa ya nyumba ya wageni hapa Lodwar, na mgeni aliyekaa nasi muda mrefu kuliko wote alikuwa mhandisi wa visima, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Alikuwa mzee mpole. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kiturkana, "Ejok," kwa lafudhi iliyonichekesha, na jioni alikunywa wiski moja na maji ya soda, basi. Siku moja alikaa na glasi yake bila kuigusa.

"Dada," akaniambia, "mke wangu anakuja wiki ijayo. Tangu augue mwaka jana hasikii harufu ya kitu chochote. Chakula kwake ni kama karatasi."

Alitaka nimtengenezee kinywaji ambacho mama huyo alizoea kukitengeneza mwenyewe siku za sherehe: wiski, maji ya waridi, iliki, zafarani, ndimu na soda. Vipimo hakuvijua. "Miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa tu," alisema, akaona haya.

Iliki na ndimu nilizipata hapa hapa. Zafarani alikuwa nayo, nyuzi chache ndani ya kikopo cha dawa. Maji ya waridi ndiyo yalikosekana Lodwar nzima. Siku yangu ya mapumziko nikapanda gari hadi Kakuma, nikazunguka soko la kambi ya wakimbizi mpaka nikafika kwa mama mmoja Msomali anayeuza vitu vya keki na halwa.

"Unataka ya kula au ya kujipaka?" akaniuliza.

"Ya kunywa." Wiski sikuitaja.

Alinitazama kidogo, kisha akanipa chupa. "Tia matone tu. Ukizidisha, mgeni wako atadhani anakunywa sabuni."

Nilizidisha. Glasi ya kwanza nilimwonjesha mpishi wetu, akaitema kwenye sinki. Ya pili ilikuwa tamu mno. Mwishowe nilichemsha sukari na iliki iliyopondwa, nikatia zafarani, nikaiacha shira ipoe hadi ikawa na rangi ya machungwa. Kijiko kimoja cha shira hiyo, nusu ndimu, wiski kidogo, matone matatu ya waridi, halafu soda baridi niliyoimimina polepole isipoteze gesi. Mpishi alionja, akaomba nyingine.

Mke wa mzee alifika saa sita mchana, mwembamba, shali begani. Alasiri niliwapelekea glasi mbili uani, penye kivuli. Mzee alikuwa akimwangalia mkewe tu. Mama akainua glasi, akafumba macho, akanywa.

"Gesi inanipiga puani," alisema. "Na rangi ni nzuri. Lakini waridi… hapana."

Uso wa mzee ulisawijika. Nilitamani kuondoka na sinia langu. Mama akamshika mkono.

"Basi ninusie wewe. Niambie likoje."

Mzee akainusa glasi yake. Alikuwa mtu wa mabomba na mashine, maneno hayakuwa kazi yake. "Ni kama nywele zako," alisema, "ile siku ya harusi ya dada yako, mvua ilipotunyeshea."

"Na iliki?"

"Iliki inakuja baadaye. Iko nyuma nyuma."

Mama akacheka, akamaliza glasi yake.

Tukafanya hivyo kila alasiri. Mimi namimina, mzee ananusa na kusimulia, mama anakunywa. Alinirekebisha pia, ndimu ilikuwa nyingi, alisema, ulimi wake ulikuwa bado mzima. Wiki ya pili, katikati ya mazungumzo, aliweka glasi chini.

"Nini kinaungua?"

Jikoni, vitunguu vya mpishi vilikuwa vimeshika sufuria. Mzee aliinuka kukimbilia huko, kisha akasimama katikati ya ua.

"Umesema nini?"

"Vitunguu," mama alisema, machozi yakimtoka. "Vitunguu vinaungua!"

Mpishi alitoka akiomba radhi, mwiko mkononi, na mama akamkumbatia hivyo hivyo.

Waridi lilichelewa. Hadi anaondoka alikuwa akilisikia kwa mbali tu, na siku nyingine halisikii kabisa. Lakini asubuhi ya safari alisimama getini akavuta pumzi ndefu: vumbi, moshi wa makaa, mbuzi wa jirani.

"Hii Lodwar yenu inanuka!" akaniambia kwa furaha, akanivuta kifuani. Mzee alikuwa anampakilia mizigo kwenye gari, akipiga mluzi.