Mjaza Chupa wa Mzungu

Mjaza chupa wa Mzungu alikuwa na mikono mikubwa, laini kwa kuoshwa. Pipa la wiski likifika Lamu, yeye huitia wiski hiyo chupani, bila kuichanganya na ya pipa jingine, kilemba kaziba pua na mdomo, asije akaonja haramu. Kisha hujisugua kwa jivu na ndimu. Bure! Paka wakimnusa walipepesuka, na msikitini watu wakimpa mgongo. Lakini kazi ile ndiyo iliyolisha wanawe.

Siku moja wiski ilipungua pipani. Mzungu akacheka, “Usijali. Kwetu wiski ikigeuka mvuke pipani, twasema malaika wamekunywa.”

Mjaza chupa akaona afadhali asingiziwe yeye kuliko malaika. “Malaika hawanywi, Bwana. Ndimi niliyekunywa.”

Kicheko kikakatika, akafukuzwa papo hapo.

Mtaani, Bi Umulkheir, jirani aliyemwita mlevi tangu zamani, akabetua mdomo: “Si naliwambia?”