Kitenge Kilikuwa na Neno Moja

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo sijaisahau. Umenisomea habari za kimbunga kilichopiga huko baharini, ukaniuliza kwa nini kinaua watu wengi hivyo wakati watu wenyewe wana redio na wanaonywa mapema. Swali zuri hilo. Wenzako wakija hapa huniuliza kama kuna chakula. Kaa basi nikujibu, kwa sababu jibu lake nilijifunza kwa machungu, hapa hapa Rumonge, kando ya ziwa, nikiwa msichana ninayejiona nimemaliza kujua kila kitu.

Ilikuwa mwaka ule wa uhuru, mvua zilipoanza. Mimi na mama tulianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, na kaka yangu Saidi ndiye aliyevua. Alivua na mwenzake mmoja, Yohana, kijana aliyevuka kutoka Baraka, upande wa Kongo, kutafuta kazi. Sisi Waislamu, yeye Mkristo, na alikula kwetu kila siku. Mama alimwita mwanangu. Alikuwa mpole huyo, akisema maneno matatu kwa siku anaona amehutubia.

Sasa sikiliza desturi yetu ya pwani, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Kila nyumba iliyoanika ndagala ilikuwa na kitenge chake cha kuitia mitumbwi. Chetu chekundu, cha akina Mwajuma majirani zetu kijani. Mchanga ukiwa umefagiliwa, mwanamke anasimama ukingoni anapunga, na mvuvi wa nyumba ile akiona anajua: njoo, tuko tayari. Na mtumbwi ulioitwa kwa kitenge haukatai. Kukataa ni kumwaibisha mwanamke mbele ya pwani nzima.

Siku tatu hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha majivu. Maji ya ziwa yalipata joto, ukiingiza mguu unadhani ni ya kumwogeshea mtoto. Asubuhi ya siku ya nne, juu ya milima ya Kongo kulikuwa kumesimama wingu jeusi chini na jeupe juu, linapanda huku unaliona. Mzee Selemani, aliyekuwa baharia wa meli za baharini katika ujana wake, aliacha kushona nyavu akalitazama. Akasema, "Leo hii ziwa haiko ya mutu."

Upepo wa kwanza ulikuja wa baridi, ghafla. Uliezua nyasi za vibanda, ukatupa ndagala zetu matopeni. Mitumbwi iliyokuwa ikirudi kutoka kuvua ilikimbilia nyuma ya miamba upande wa kusini, na nikauona wa Saidi ukiingia salama. Nikamshukuru Mungu. Laiti ningeishia kwenye kumshukuru.

Kisha upepo ukakatika. Jua likatoka, maji yakatulia, hata kunguru wakarudi kuokota. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikuwa namtazama Mwajuma, ambaye alikuwa ameanza kukunjua kitenge chake. Akinitangulia, kaka yake atapakua kwanza, na jioni yote nitasikia kwamba mchanga wetu ni wa wavivu. Nikakimbia ukingoni, nikapunga.

Mtumbwi wetu ukachomoza nyuma ya miamba. Peke yake.

Nikamsikia Mzee Selemani nyuma yangu, "Weye Zaituni, shusha hiyo kitambaa."

"Mzee, si upepo umeisha?"

"Nani amekuambia imeisha? Imekuja kukuaga?" Hakuwa anacheka. Alinishika bega akanigeuza nitazame Kongo. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka majini, na mbele yake ziwa limekuwa jeusi, mstari mmoja mrefu unaokuja. "Warudishe. Warudishe sasa hivi."

Nikapunga. Nilipunga kwa mikono yote miwili, nikaruka, nikapiga kelele mpaka koo likauma: rudini, rudini. Mwanangu, sauti haifiki mbali hivyo. Walichoona ni kitenge chekundu kinapungwa kwa nguvu, na kitenge chetu kilikuwa na neno moja tu, njoo. Hakuna aliyewahi kukifundisha neno la pili. Kadiri nilivyopunga ndivyo walivyozidi kupiga makasia. Nikakitupa chini, nikakikanyaga, lakini walikuwa wameshafika katikati na ule mstari umeshawafikia.

Sikuona mtumbwi ukipinduka. Niliona upo, kisha haupo. Saidi alitupwa ufukweni amekumbatia kasia, anatapika maji, hai. Yohana tulimpata siku ya pili.

Majuto ni mjukuu, na mimi yalinijia kabla sijazaa. Sikula, sikulala. Mzee Selemani alikuja msibani akakaa kando yangu, na badala ya kunifariji akanifundisha. Nilimchukia siku ile. Leo namwombea kila swala.

Alisema kimbunga kinazaliwa na maji ya moto. Jua linaipasha bahari joto wiki nyingi, mvuke unapanda bila kukoma, kama unavyopanda kwenye sufuria ya mawese. Palipopanda mvuke panabaki nafasi, na hewa ya pembeni inakimbilia kuijaza, nayo inapata joto inapanda vilevile. Kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka, upepo huo haufiki katikati kwa njia iliyonyooka, unapindwa, unaanza kuzunguka, na kila ukizunguka juu ya maji ya moto unashiba. Ziwa letu haliwezi kuzaa kitu kama hicho. Ni dogo, tena tuko karibu na ikweta, mstari wa katikati ya dunia, ambako upepo haupindwi vya kutosha. Sisi tunapata dhoruba, ndugu yake mdogo. Kimbunga chenyewe kikipanda nchi kavu kinaanza kufa kwa njaa, lakini hapo kimeshaisukuma bahari mpaka vyumbani mwa watu.

"Lakini si hiyo peke yake inaua," akaniambia. Katikati ya kimbunga pana jicho, na ndani ya jicho hakuna upepo. Aliingia humo akiwa baharia, meli yao imefungwa bandarini. Jua lilitoka. Watu walitoka majumbani wakicheka, wakaanza kutafuta mabati yao na kuitana kwa majina. Ndipo upande wa pili ukafika, ukipiga kinyume na ule wa kwanza. Nyumba iliyosukumwa huku ilikuwa imelegea misumari, sasa ikasukumwa kule, na wenyewe wote wako nje. Dhoruba ya ziwa haina jicho, alisema, ina kupumua tu. "Na weye uliwaita wakati inapumua."

Siku ya nne akaja mama yake Yohana kutoka Baraka. Mwanamke mwembamba, hakupaza sauti. Alisalimia nyumba nzima, kisha akauliza, "Nani aliwaita?"

Saidi akainamisha kichwa. Alikuwa tayari kusema waliondoka wenyewe, nilimwona. Mama yangu akanitazama, akatazama mlango. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angenishtaki.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Nilingoja anipige, na ningefurahi kupigwa. Akasema, "Basi weye usinyamaze tena. Mutoto wangu alikuwa mupole, hakuweza kuwaambia watu wangoje. Sasa utawaambia weye."

Saidi ndipo akalia. Akasema kule miambani Yohana alimwambia, tungoje kidogo, naye akamjibu, dada anatuita.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa sabini na mbili, pwani hii iliona upepo mwingine, wa watu kuua watu, na huo sikusimulii leo. Nitasema hili tu: ilifika siku pakanyamaza, na waliojificha wakaanza kutoka, wakisema imeisha. Saidi naye alivaa viatu. Nilikaa mlangoni siku mbili nzima, akanitukana matusi yote anayoyajua, sikuondoka. Wengi waliotoka siku hizo hawakurudi. Yeye ana wajukuu tisa.

Kwa hiyo, mwanangu, usipime hatari kwa kelele yake. Shari ikinyamaza, uliza kwanza imekwenda wapi. Wakikuita watu unaowapenda, na aliye kando yako akasema tungoje, msikilize huyo mpole. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeita, ujue kuna mtu atakayekuja kwa sababu tu ni wewe.

Mungu akuvushe kwenye upepo wa kwanza, akupe subira ya kuungoja wa pili, na asikuache kamwe bila mtu wa kukuzibia mlango. Amina.