Ng'ombe ya Mama Nafula Ikawa Raita

Nakumbuka siku moja, ilikuwa Ijumaa mchana, kompyuta yangu ilikataa kuamka na mwenye ng'ombe ameketi hapo anaiangalia. Najua, mwanangu, unajiuliza ng'ombe na kompyuta zilikutana wapi. Zilikutana kwa duka yangu, hapa hapa Kibomet, Kitale. Kaa, nitakupeleka polepole. Mimi shule niliacha darasa la tatu, siwezi kukimbia na maneno kama nyinyi.

Hiyo ilikuwa ile miaka simu za mkono zilianza kuingia kila nyumba, hata mama wa sukuma wiki anajibu simu na mikono imejaa maji. Mzee wetu alikuwa ametuacha. Alikuwa fundi wa mbao, na alituacha wanawake wawili. Mke mkubwa ni Mama Nafula, yeye alikaa kwa shamba kule Matulo, karibu na Webuye. Mimi mdogo nilikaa hapa Kitale kwa sababu karakana ya mzee ilikuwa hapa. Sasa watu wakangoja tupigane. Nakuambia walingoja vile watu hungoja mpira uanze. Shemeji yetu Barasa, ndugu ya marehemu, alisema wazi kwa matanga ati fahali wawili hawakai zizi moja, hata wakivaa leso.

Hatukupigana. Si ati tulikuwa malaika. Ni vile Mama Nafula ni mtu wa maneno machache na mimi ni wa maneno mengi, kwa hivyo mmoja akiongea mwingine alikuwa anapumzika.

Karakana bila fundi ni banda tu. Nikauza mbao zilizobaki, nikauza na randa, nikanunua kompyuta iliyotumika, nikaiweka juu ya meza ya mzee. Nafula, msichana wa mke mwenzangu, alikuwa amemaliza Form Four na alijua kupiga taipu. Mimi nilikuwa wa kukaribisha watu. Hiyo pia ni kazi, usicheke. Lakini watu wakiingia, wanasalimia vizuri, halafu wanauliza kama tunachoma CD, yaani kunakili iliyojaa kwa tupu. Kila mtu wakati huo alitaka kuchomewa CD. Harusi, kwaya, mahubiri, hata sherehe za tohara za Agosti. Na kompyuta yetu haikuwa na mdomo wa CD. Pale mdomo unakaa palikuwa pamezibwa na kipande cha plastiki, kama mtu amenuna. Basi mimi kutwa nzima nasema hapana. Na duka ya kuambia watu hapana inajifunga yenyewe, huhitaji kufuli.

Nikapanda gari nikaenda Matulo, nikamweleza Mama Nafula. Aliinuka akaenda zizini, akakaa huko mpaka chai ikapoa, akarudi akaniambia niende nyumbani nitasikia. Nikasikia. Aliuza ng'ombe. Na alikuwa na ng'ombe moja tu ya maziwa, mwanangu, hiyo ndiyo ilikuwa chai yake na sabuni yake na kila kitu. Hiyo ng'ombe ikaninunulia raita, yaani ile mashine ya kusoma CD na kuichoma, na boksi ya CD tupu, na printa ya rangi.

Matulo yote ilicheka. Akienda kuchota maji wanamuuliza hiyo ng'ombe yake mpya inakamuliwa asubuhi ama jioni. Yeye anapita tu na mtungi wake kichwani. Mimi nikisikia hiyo habari usingizi ulinikimbia. Hii kitu ikikataa, nilijiambia, si duka tu itaanguka. Nitamwangalia huyu mama na macho gani? Kila mtu atasema mke mdogo alimla mke mkubwa mpaka zizi.

Kazi ya kwanza ikakuja mbio. Mwalimu mmoja wa Sirisia alikuwa ameozesha msichana wake, na mtu wa kamera alimpatia CD moja peke yake. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kwake, na mwalimu alitaka kila upande upate za kugawa. Si unajua wakwe? Huyu akipata na yule akose, hiyo ni kesi ya mpaka wajukuu. Akauliza kama Jumamosi asubuhi atazipata. Nikamwambia atazipata, na wakati huo raita ilikuwa bado iko ndani ya karatasi yake.

Fundi mmoja wa pale mjini ndiye alikuwa aje aiweke. Ijumaa asubuhi anapiga simu: ako njiani anaenda mazishi Bungoma, mjomba wake ameaga. Mazishi huwezi kumnyima mtu. Nikampa pole, halafu nikamwambia atuelekeze kwa simu, tutaiweka wenyewe. Nadhani alikuwa ananihurumia. Lakini alielekeza vizuri, neno kwa neno, Nafula ameshika simu na mimi nimeweka sikio hapo kando. Mwisho kabisa akasema jambo moja: kwa waya moja ndani ya kompyuta wanakaa wawili, ile diski ya zamani ya kuweka kumbukumbu, na hii raita. Ni lazima mmoja awe mkubwa na mwingine awe mdogo. Nyuma ya raita kuna kikofia cheusi, kadogo kama punje ya mtama. Pahali utakivalisha, hapo ndipo unasema huyu ni mkubwa ama ni mdogo. Halafu simu ikakatika.

Na ndiyo siku hiyo Mama Nafula alichagua kuja kuona ng'ombe yake inaendeleaje. Aliingia na unga wa mahindi, Barasa nyuma yake amebeba. Wakaketi kwa benchi ya wateja. Barasa akatazama raita hapo mezani, akaipima na macho, akaniambia, "Shemeji, hata kwato haina."

Nikamwambia anywe chai.

Tukaanza. Tulizima, tukachomoa stima kwa ukuta. Nafula akafungua skrubu za nyuma na bisibisi ya marehemu, ile ya mpini wa mbao. Ubavu wa sanduku ukatoka. Vumbi iliyokuwa huko, ungepanda maharagwe. Nikagusa chuma ya sanduku kwanza, kama fundi alivyosema, ili stima kidogo ile inakaa kwa mwili isiunguze vitu vya ndani. Tukatoa ile plastiki ya mbele. Tukasukuma raita kutoka mbele, ikaingia kama droo ya kabati, taratibu, mpaka uso wake ukalingana na uso wa kompyuta. Bana, nilifurahi. Tukakaza skrubu huku na huku. Tukachukua ile waya pana bapa, ambayo kando moja ina mstari mwekundu, tukaangalia mwekundu ukae upande wa stima, tukaichomeka. Tukachomeka na ya stima, ile ya rangi rangi.

Lakini kabla ya hapo, kabla hatujaisukuma, Nafula alikuwa amenionyesha kikofia. Akaniuliza, "Mama Mdogo, tuvalishe wapi?"

Sasa nisikize, mwanangu. Mimi nilitazama hiyo raita, nikamtazama Mama Nafula kwa benchi, na viatu vyake bado vina matope ya Matulo. Hii raita ni ng'ombe yake. Mimi ni nani nivalishe kitu cha mke mkubwa kofia ya mdogo, tena mbele ya macho yake, tena mbele ya Barasa? Hata mama yangu kaburini angeniuliza alinilea wapi. Nikamwambia Nafula aweke kwa mkubwa. Ile diski ya zamani hatukuigusa. Nilisema itajipanga yenyewe, kama vile mimi nilijipanga nilipoolewa.

Tukawasha. Kompyuta ikanguruma, taa ikawaka, halafu kioo kikawa cheusi na maneno meupe machache ya Kizungu. Nafula akasoma. Akasema inasema haioni diski. Tukazima, tukawasha. Cheusi. Tukazima tena, nikaomba, tukawasha. Cheusi. Hata zile barua za watu zilizokuwa ndani hazikuonekana. Yaani sasa hatukukosa tu kuchoma CD, hata taipu imekufa.

Jasho ilinitoka mgongoni. Barasa alikuwa ameshatoa simu anatafuta namba, na nilijua kabisa anapigia Matulo.

Mama Nafula akaniuliza huyo fundi alisema nini. Nikamweleza yote, mpaka ya kikofia. Nikamwambia nimeweka yake kwa mkubwa, kwa heshima. Nilidhani atafurahi hata kidogo.

"Mama Wanjala," akaniita, "ile ingine ya ndani, kikofia chake kiko kwa mkubwa ama kwa mdogo?"

Nafula akainama, akamulika na simu. Ilikuwa kwa mkubwa. Imekuwa kwa mkubwa siku zote.

Mama Nafula akaweka kikombe chini. "Sasa wewe, wakubwa wawili kwa njia moja, nani atampisha mwenzake? Mkubwa si yule ameleta pesa. Mkubwa ni yule alikuja kwa hii boma mbele. Hiyo ya ndani ndiyo ilikuwa hapa, ndiyo inajua vitu viko wapi. Hii yangu imekuja leo. Si ni bibi arusi? Iweke mdogo."

Nikasema, lakini mama, ni ya ng'ombe yako.

"Na wewe umekuwa mdogo wangu miaka yote," akasema, "ulipungua nini? Mdogo ndiye anapokea wageni. Nani anapokea watu hapa kwa duka, ni mimi?"

Alikuwa ananikemea, lakini kwa hiyo kemeo alikuwa ameniambia kitu ambacho sikuwahi kuambiwa tangu niolewe. Ati mdogo si mabaki. Mdogo ana kazi yake, na mkubwa anaiona.

Tukachomoa stima tena. Tukatoa raita, nikakivua kikofia na kucha zangu mwenyewe, nikakivalisha kwa mdogo. Tukarudisha. Hii mara nilimwambia Mama Nafula abonyeze swichi yeye. Akajipangusa kidole na leso, akabonyeza.

Ikanguruma. Taa ya raita ikapepesa, mara moja kama mtu anakonyeza. Halafu kioo kikafunguka, rangi zote, na vitu vyetu vyote viko pahali pake, na Nafula akasoma kwamba kompyuta imeona kitu kipya. Imemkaribisha.

Tukabonyeza kitufe, mdomo ukatoka wenyewe. Tukaweka CD ya mwalimu, mdomo ukarudi, na bibi arusi wa Sirisia akatokea kwa kioo amevaa nyeupe, shangazi zake wanacheza mbele yake. Barasa akasogeza benchi karibu. Tukaiacha kompyuta inakili yote ndani, tukatoa hiyo, tukaweka tupu. Nafula akaambia raita ichome. Kuna kamstari kwa kioo kanatembea, kanajaa polepole kama ndoo chini ya paa mvua ikianza. Kamstari kakajaa, mdomo ukafunguka, na nikaitoa. Ilikuwa moto. Nilishika CD moto kwa vidole vyangu kama chapati imetoka jikoni.

Lakini sikuamini mpaka nione inacheza kwingine. Nikakimbia nayo saluni ya jirani, yeye alikuwa na televisheni na deki ya CD. Wanawake wamefungwa vichwa na plastiki, wengine nusu kichwa kimesukwa. Akaiingiza. Bibi arusi akatoka, na sauti, na shangazi, kila kitu. Nikapiga kigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama, na wale wa saluni wakanijibu bila kujua tunasherehekea nini. Nilirudi dukani nikicheza. Mama Nafula alikuwa amesimama mlangoni. Huyo mama hachezi. Alinyoosha mikono yote miwili, akashika yangu, tukaruka pale mlangoni kama wasichana wa kutoka mtoni.

Jioni hiyo tulichoma mpaka zikatosha. Na Barasa, nilimsikia huko nje, simu kwa sikio, anaambia watu wa Matulo, "Ndiyo, imekubali. Sisi tumeweka raita." Sisi. Nikamwacha. Mtu akitaka kuingia kwa furaha yako, fungua mlango, usimuulize alikuwa wapi.

Asubuhi mwalimu alikuja, na Mama Nafula ndiye alimpatia CD zake, na mkono wa kulia, akimtakia wakwe wema. Kutoka hapo Sirisia walitujua. Kwaya zilikuja, harusi zilikuja, na wakati wa tohara tulipanga watu foleni. Mwaka haukuisha kabla duka haijarudisha ng'ombe Matulo, tena na mimba. Na wale waliongoja tupigane, wengine wao wameniletea harusi za watoto wao niwachomee.

Basi hii ndiyo naweka mkononi mwako, mwanangu. Pahali umekuta mtu, mwache awe wa kwanza, hata kama wewe ndiye umekuja na mali. Hutapungua. Na ukitaka kumheshimu mtu, usimpatie kiti ambacho si chake kwa sababu unaogopa uso wake. Muulize. Mimi ningemuuliza Mama Nafula pale mwanzo, tusingetoa jasho. Heshima ya kukisia imevunja boma nyingi, hata kama ilitoka kwa roho safi. Na wewe ukiwa mkubwa, mwambie mdogo wako kazi yake unaiona. Usingoje kitu kiharibike ndio useme.

Mungu akupatie wa kukutangulia ambaye hakudharau, na wa kukufuata ambaye hakuogopi. Mikono yako ikutane na mikono mingine kwa kazi. Ukiwasha, iwake. Ukiita, uitikiwe. Na siku yako ya furaha ikifika, majirani wakujibu kwa kigelegele kabla hawajauliza sababu.