Kabati la Mama Funguo

Mama Funguo hakuzaliwa na jina hilo, wala hana mtoto aitwaye Funguo. Wifi yake ndiye aliyembatiza, kwa sababu ya kishada cha funguo kinachoning'inia kiunoni mwake na kumtangulia kila aendako kama kengele ya mbuzi. Watoto wakiisikia sauti ile, aliyepanda mezani hushuka mwenyewe.

Kituo chake cha kulea watoto kilianza na mapacha wa dada yake. Akaongezeka wa jirani, kisha wa jirani wa jirani, mpaka sebule ikajaa na mumewe akahamishia kiti chake nje bila kuambiwa. Akina mama walimwachia watoto asubuhi, wakaenda kazini roho zimetulia. Miaka ikapita hivyo, hadi alipokuja mkaguzi, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba. Alikuta dawa ya madoa ndani ya chupa ya soda, mtoto mchanga amelazwa na mto karibu na pua, na kochi limeuziba mlango wa dharura.

"Nitarudi mwezi ujao, mama," alisema. "Nikikuta tena kitu cha kuhatarisha mtoto, leseni haitoki, na kituo nakifunga."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Funguo alinunua kabati la chuma, na chochote alichokishuku kikaingia humo: sabuni, dawa, mikasi, viberiti, hata nyundo ya mumewe. Watoto nao akawafundisha mchezo. Wakiona kitu kisichotakiwa sakafuni wasikiguse, bali wainue mikono na kupiga kelele, "Juu!" mpaka mtu mzima akiokote.

"Wifi," aliuliza wifi yake, ambaye ndiye msaidizi wake, "na mimi nitaingia lini humo kabatini?"

"Siku utakapokuwa hatari kwa watoto."

"Basi nifungie leo. Nimeamka na hasira."

Siku ya ukaguzi, mkaguzi aliingia, akavuta kiti, akaweka mkoba wake sakafuni. Kabla hajashika kalamu, mtoto mmoja mwenye pengo aliinua mikono.

"Juu!"

"Juu! Juu! Juu!" wakaitikia wenzake.

Mkaguzi akasimama, akidhani ameambiwa ainuke.

"Si wewe, bibi, ni mkoba," wifi alisema, akijiuma midomo asicheke.

Mkaguzi akaufungua mkoba wake. Mlikuwa na vidonge vya kichwa na kiwembe. Akautundika mwenyewe kwenye msumari, uso umemwiva, halafu akacheka.

Mambo yakaenda vizuri. Soketi zilikuwa na vifuniko. Vitanda vya wachanga havikuwa na mto wala mwanasesere. Mlango wa dharura ulifunguka kwa kidole. Mama Funguo akaanza kupumua.

"Kizimamoto kiko wapi?"

"Kiko salama kabisa," alijibu kwa fahari. "Nimekifungia kabatini."

Wifi akatazama dari.

"Mbona kabatini, mama?"

"Yule mwenye pengo alichomoa pini, akampulizia wifi yangu."

"Nilikuwa kama mtu aliyelala ndani ya gunia la unga," wifi alithibitisha.

"Haya," mkaguzi alisema taratibu. "Moto umewaka jikoni. Kitoe."

Mama Funguo akashika kishada. Ufunguo wa kwanza ukakataa.

"Moto umeshika pazia."

Wa pili ukaingia, haukuzunguka. Akapapasa wa tatu.

"Moto uko sebuleni, mama."

Kabati lilipofunguka, hakuna aliyehitaji kuambiwa kosa. Mama Funguo alikaa chini katikati ya watoto. Aliwaza akina mama watakaofika jioni, na jinsi atakavyowaambia kwamba kesho wasiwalete.

"Niliogopa watoto wasiumie," alisema.

"Najua. Ungekuwa mzembe, ningekuwa nimeshaondoka." Mkaguzi alivua miwani. "Kosa likirekebishwa mbele yangu, naweza kuandika hivyo. Sina haraka."

Wifi alikimbilia nyundo. Nyundo nayo ilikuwa kabatini, lakini safari hii kabati lilikuwa wazi. Wakakiweka kizimamoto sakafuni wapigilie misumari, na hapo kelele zikaanza: "Juu! Juu!" Hazikukoma mpaka kilipotundikwa karibu na jiko, mahali mkono wa mtu mzima unapofika na wa mwenye pengo haufiki.

"Moto jikoni!" mkaguzi alitangaza ghafla.

Wifi akakinyakua kizimamoto. Mama Funguo akabeba wachanga wawili, na waliobaki wakashikana mashati, wakatoka kwa mlango wa dharura wakiimba. Nje walimkuta mume wa Mama Funguo kwenye kiti chake. Aliwatazama wote, akauliza kama na yeye akimbie.

Waliporudi ndani, mkaguzi alitia saini na kumkabidhi leseni. Mama Funguo akaipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kanga, na miguu yake yenyewe ikampeleka kabatini.

"Wifi!" wifi alipiga kelele. "Hiyo inabandikwa ukutani, wazazi waione!"

Mama Funguo akasimama, leseni mkononi, akicheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Mwenye pengo alikuwa ameshainua mikono.