Mdogo Wangu Ameniomba Nihakiki Hadithi Yake, na Mbaya Ndani Yake ni Mimi

Admin, nifichie jina tafadhali. Mama yangu hayuko mitandaoni lakini majirani zake wamejaa humu. Nina miaka thelathini na tano, ni Mkenya, nafanya kazi za nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Kabla ya hapa nilikuwa Riyadh miaka miwili. Najua wengine mtanitukana mkifika katikati. Tukaneni, lakini someni mpaka chini.

Mimi husoma riwaya za mapenzi za wanaume wanaopendana. Nazisoma kwa simu katika chumba cha kupigia pasi, halafu naandika uhakiki kwa Kiswahili kwenye ukurasa wangu usio na jina wala picha. Natoa nyota, nasema kilichonigusa na kilichoniudhi. Kila Ijumaa madam hupekua simu yangu, kwa hiyo Alhamisi nafuta kila kitu. Mkataba wangu na ikama, kibali changu cha kuishi huku, viko mikononi mwa kafili, mwajiri aliyenidhamini, na mkijua sheria za huku mtaelewa kwa nini naogopa.

Sikuzianza kwa starehe. Nina mdogo wangu wa kiume, tumezaliwa wawili tu. Miaka saba iliyopita, nyumbani, nilipata daftari lake chini ya godoro. Alikuwa ameandika barua za mapenzi kwa kijana mwenzake, barua ambazo hakuwahi kuzituma. Jioni hiyo kikundi cha maombi kilikuwa kwetu. Nikasimama nikazisoma kwa sauti mbele ya watu wote, yeye amekaa palepale karibu na mama. Nilisema nataka aombewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu, maana mama alimpenda kuliko mimi, nami nilitaka siku moja amwone vibaya. Asubuhi alikuwa ameondoka. Alibadilisha namba, na hadi leo mama huniuliza kwa simu, "Kijana wangu hajakupigia?"

Nilipofika Riyadh, Mfilipino tuliyefanya kazi naye nyumba moja alinipa riwaya ya kwanza. Nilitaka tu kujua mdogo wangu alikuwa akihisi nini. Nililia kitabu kizima. Nikasoma cha pili, nikaanza kuandika, nikapata wasomaji kumi, ishirini, kisha mmoja aliyekuwa akikomenti kila mara. Alijiita Dereva. Ni Mkenya, anaendesha gari la familia moja Riyadh. Tukahamia inbox. Aliniita Dada Msomaji.

"Dadangu, hiyo kitabu ya juzi ilinimaliza," aliwahi kuniandikia. "Nimelia kwa gari nikingoja madam atoke mall. Ametoka akaniuliza kama niko mgonjwa, nikasema ni vumbi."

Siku moja nilikipa kitabu nyota mbili kwa sababu aliyemsaliti mpenzi wake alisamehewa ndani ya ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mtu aliyeumizwa hivyo hasamehi haraka namna hiyo, mwandishi anatudanganya. Dereva alijibu, "Hapo umesema. Mimi mwenyewe kuna mtu sijamsamehe, na ni damu yangu." Niliitikia kwa moyo mweupe kabisa. Nilimwambia asikubali kuharakishwa na mtu.

Tulienda hivyo miaka miwili. Nilikuwa nikimwambia vitabu vizuri, naye akinichekesha na vituko vya bosi wake. Kwa kweli ndiye rafiki wa pekee niliyekuwa naye nchi hii.

Mwezi uliopita niliandika kwamba mimi, kabla sijaanza kitabu, husoma kwanza ukurasa wa mwisho. Sikueleza sababu. Dereva akacheka sana. "Hata mimi! Kwetu buda alikuwa anasokota tumbaku na karatasi za vitabu zetu, na alikuwa anaanza kuchana kutoka nyuma. Mimi na sista yangu tulikuwa tunakimbilia mwisho kabla hajaumaliza."

Nilikuwa nimeshika pasi. Niliiacha juu ya abaya ya madam mpaka ikatoboka. Madam alikuja mbio akinifokea, "Mafi mukh! Mafi mukh!" yaani sina akili. Nilikuwa namwona baba na tumbaku yake, na sisi wawili tumepiga magoti sakafuni tukigombania ukurasa. Miaka yangu miwili ya Riyadh nilikuwa mji mmoja na mdogo wangu bila kujua. Na ni mimi niliyemfundisha asinisamehe.

Sikumwambia. Niliogopa kumpoteza mara ya pili. Niliendelea kumjibu kama Dada Msomaji, nikimuuliza amekula nini, nikilia.

Sasa wiki iliyopita amenitumia hadithi aliyoiandika mwenyewe kwa simu, akiwa garini. "Wewe hudanganyi kwa uhakiki wako," aliandika. "Nihakikie hii kama zile zingine. Sijaweza kuandika mwisho. Na niambie ukweli, huyo sista nimemwandika vizuri ama nimemwonea?"

Nimeisoma mara nne. Ni kwetu kabisa: daftari, kikundi cha maombi, mama ameinamisha kichwa. Kumwambia mimi ni nani huenda kukamfanya apotee tena, na mama hana miaka mingi ya kungoja. Kunyamaza ni kuendelea kuisaliti imani yake kila siku.

Tena kuna jambo moja. Katika hadithi yake, dada anasoma zile barua huku akilia, sauti inamkwama, mpaka anashindwa kumaliza. Amemwandika hivyo kwa huruma, miaka saba baadaye, na bado anauliza kama amemwonea.

Siku ile mimi sikulia. Nilizisoma zote mpaka ya mwisho, na watu walipocheka, nilicheka nao. Yeye alikuwepo, aliniona.

Anangoja uhakiki wangu. Jamani, nimwandikie nini mtoto wa mama yangu?