Taya la Kulungu wa Mabaka Chini ya Pindo la Shati

Saa tano asubuhi, Jumamosi ya pili ya Desemba, Bi Vernell Mazyck anazima msumeno wa umeme, anafuta mikono kwenye aproni yake ya mpira, kisha anamwita mzee aliyekaa nje ya banda juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Isom, njoo uone."

"Nimeshaona, Vernell."

"Umeona nje. Njoo uone ndani."

Juu ya meza ya chuma amelala kulungu dume mwenye mabaka meupe miguuni na shingoni. Hakuna mtu wa Cane Branch asiyemjua. Kila asubuhi watoto walikuwa wakimsihi dereva wa basi la shule apunguze mwendo wamtazame akila maharage ya soya pembeni mwa shamba, na dereva alipunguza. Leo ngozi imemlegea kama koti la mtu mwingine. Mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni.

Bi Vernell anapitisha kidole chini ya taya. Mfupa umevunjika, na pale ulipovunjika pameoza. Anachokoa kwa ncha ya kisu, kisha kitu kidogo cheusi, cha mviringo, kinaanguka kwenye bakuli na kulia. Anapata cha pili begani. Cha tatu kimezama kwenye paja, kimezungukwa na usaha.

"Huyu hakufa leo," anasema. "Huyu amekuwa akifa wiki nne. Mdomo umejaa majani aliyoshindwa kutafuna."

Anageuza uso na kujifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vina damu. Mzee Isom Prioleau, mwenye miaka sabini na saba, anavua kofia.

Ndiye aliyemleta. Asubuhi hiyo mbwa walimkuta kulungu huyo amesimama kwenye maji ya kinamasi, hakimbii. Mzee Isom aliwafukuza mbwa kwa fimbo, akasogea mpaka hatua kumi, akammaliza kwa risasi moja. Halafu akavua koti lake jipya na kumfunika ili mbwa wasimrarue. Kwenye banda hakulisema hilo. Koti ndilo lililosema, lilivyokuwa limelowa damu na matope.

Bi Vernell ana miaka sitini na mitatu, na huu ni mwaka wa thelathini na moja anachuna na kukata kulungu wa watu katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, huku kwenye tambarare za Carolina Kusini. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, Ezell. Anatoza dola tisini kwa mnyama mmoja, soseji bei mbali. Msimu mzima hupata kama mia mbili na sitini, na sehemu kubwa huletwa na chama cha wawindaji cha Cane Branch. Fedha hizo ndizo zinazolipia dawa zake za sukari na kodi ya ekari saba alizoachiwa na babu yake.

Kwa hiyo anapowasema wawindaji wa Cane Branch, anajua anamsema nani.

"Watu wanadhani mimi nachukia marisau," anasema, akimmiminia Mzee Isom kahawa na kumwekea biskuti mbili za moto, zile laini kama mkate, moja ina soseji. "Siyachukii. Isom amepiga marisau maisha yake yote. Nimekata kulungu zake miaka thelathini na moja, sijawahi kukuta jeraha bovu. Isom, mwambie mgeni unapiga umbali gani."

"Nikiona kope."

"Umesikia? Mpaka aone kope!"

Marisau wanayotumia ni gololi tisa za risasi ndani ya ganda moja. Mnyama akiwa karibu, zinafika pamoja, upana wa sahani, na anaanguka pale pale. Kadiri anavyokuwa mbali zinatawanyika, na nguvu inaziishia. Kwa hatua themanini zinaweza kuenea upana wa mlango wa banda. Hapo mpigaji halengi tena. Anamwaga tu. Moja itavunja mguu, nyingine taya, saba zitaenda msituni.

Na huku kulungu hawapigwi wamesimama. Mbwa wanawatoa kinamasini, wanaume wamejipanga kando ya barabara ya mchanga, na mnyama anavuka mbio kama kitambaa kilichopeperushwa na upepo. Mtu ana sekunde mbili za kuamua.

Wiki ile ile kulungu wa mabaka alipoletwa bandani, Kapteni Rutledge Gaskins, anayeongoza chama hicho kwa mwaka wa kumi na sita, aliulizwa kwa nini wasitumie raifo yenye risasi moja.

"Raifo hapa? Nchi yote bapa kama meza, nyumba kila upande!" alijibu. "Risasi ya raifo inaenda maili nzima. Nani ataenda kumwambia mama wa watu kwamba tulikuwa tunafukuza kulungu? Marisau yanakufa njiani. Ndiyo maana tunayatumia."

Hoja hiyo ni ya kweli, na Bi Vernell haikatai. Kinachomchoma ni kwamba kile kinachowalinda majirani, yaani gololi kuishiwa nguvu njiani, ndicho hicho hicho kinachomwacha mnyama na taya lililovunjika, na hakuna anayetaka kulisema kwa sauti. Msimu huu chama kimemletea kulungu themanini na wawili. Kumi na wanne kati yao walikuwa na marisau ya zamani mwilini. Ameyaosha na kuyatia kwenye chupa ya siagi ya karanga, juu ya friza.

"Kumi na wanne ndio waliorudi," anasema. "Wasiorudi nani anawajua?"

Lakini hasira yake kubwa ni ya mkasi.

Kwenye chama cha Cane Branch, anayefyatua na kukosa hukatwa pindo la shati. Ni desturi ya babu zao. Pindo linaandikwa jina na tarehe, linapigiliwa msumari kwenye ukuta wa klabu, na mwenye shati anachekwa mpaka Krismasi. Yapo zaidi ya mia mbili pale, mengine yameliwa na nondo. La Ezell lipo, la mwaka aliooa. Bi Vernell mwenyewe hucheka akilisimulia: "Lilikuwa shati la harusi, jamani!"

Tarehe kumi na sita Novemba ilikuwa zamu ya Tobin Crosby, kijana wa miaka thelathini na nne anayeendesha lori la magogo. Kulungu wa mabaka alitokea upande wa pili wa shamba. Tobin alikuwa kwenye geti la shamba. Akafyatua. Mnyama akayumba, kisha akaingia msituni.

Mzee Isom alikuwepo, na anakumbuka kila neno.

"Umekosa!" wakapiga kelele.

"Nadhani nimemgusa," Tobin akasema.

"Umemgusa wapi, kwenye kivuli? Leteni mkasi!"

"Nipeni dakika nikaangalie damu."

"Ukaangalie nini! Anataka kuokoa shati huyu! Shati la kanisani hilo, Tobin? Mama yako anajua?"

Wakamshika mikono. Wakacheka, wakakata, wakapiga picha. Walipomaliza, mbwa walikuwa wameshapata harufu nyingine, na watu wakapanda pikapu wakaondoka. Hakuna aliyevuka shamba. Ukuta ukaandika amekosa, basi akawa amekosa.

"Na mimi nilikuwepo," anasema Mzee Isom, akitazama kikombe chake. "Nilicheka kama wao."

Bi Vernell anachukua birika. Anamwongezea kahawa.

Siku ile hakumtoza Mzee Isom hata senti, wala hakusaga nyama ile. Waliizika wote wawili nyuma ya banda. Taya alilibakiza. Akalichemsha, akalisugua kwa chumvi, na Jumatatu akaenda nalo klabuni pamoja na nyundo. Njiani alisimama getini, akahesabu hatua zake mpaka mahali kulungu alipokuwa amesimama. Zilikuwa sabini na nane.

Kapteni Gaskins alimkuta ameshapigilia msumari wa kwanza, chini ya pindo la bluu lenye jina la Tobin.

"Bi Vernell, unafanya nini kwenye ukuta wetu?"

"Namalizia maandishi yenu. Mmeandika nusu."

"Hizi ni mila zetu, mama. Ni utani tu."

"Mimi nacheka na utani, Rutledge. Mume wangu yuko pale juu na shati la harusi. Lakini Ezell, baada ya kukatwa, aliwasha taa akarudi msituni kutazama. Nyinyi mlikata mkaenda kula. Shika hili taya. Lishike! Weka kidole hapo. Hapo ndipo mlipochekea."

Kapteni hakulishika. Alimwambia, kwa heshima lakini bila kutabasamu, kwamba kuna banda jingine maili kumi na mbili kutoka hapo, wanatoza dola themanini na tano na hawana maneno. Akamwambia afikirie.

"Nimefikiria," Bi Vernell akajibu. "Mwenye kuniletea mnyama aliyepigwa hatua sabini na nane na kuachwa, ampeleke huko. Kisu changu hakitamgusa."

Tangu siku hiyo chama kimemletea kulungu wawili tu, wote wa Mzee Isom. Friza moja ameizima kuokoa umeme. Kodi ya ardhi inadaiwa katikati ya Januari, na hataki kuliongelea hilo. Akiulizwa, anauliza kama mgeni amekula.

Taya halijaondolewa ukutani. Kapteni Gaskins hajaligusa, na huenda nalo hilo ni jambo la kumhesabia.

Jumatano, saa tisa alasiri, lori la magogo linasimama mbele ya nyumba. Tobin Crosby anashuka na karatasi kubwa ya kufungia nyama aliyoikunja. Anaikunjua juu ya meza ya chuma. Amechora kulungu kwa kalamu ya mkaa, vibaya, masikio kama ya punda.

"Huyu nini, nyumbu?" anauliza Bi Vernell.

"Usinicheke, mama. Nimekwenda kumpiga hatua sabini na nane. Mara tano, karatasi tano."

Kwenye karatasi hiyo kuna matundu mawili tu ndani ya mnyama. Moja tumboni, moja mguuni.

"Na hii ndiyo nzuri kuliko zote," anasema. "Nilimwona akiyumba. Nilijua. Nilikubali kukatwa shati kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kwenda."

Ana mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake limo shati la bluu, na pindo lake alilolitoa ukutani mwenyewe. Anataka Bi Vernell avitupe pamoja na mabaki.

Bi Vernell ananawa mikono mpaka viwiko. Anavaa miwani, anaingia ndani, anarudi na sindano. Anakaa kwenye ile ndoo, shati magotini, na kuanza kuunga pindo kwa uzi mweupe.

"Uzi utaonekana, mama."

"Nataka uonekane. Hukukosa, mwanangu. Ungekosa ningefurahi."

Jumamosi ya kwanza ya Januari, msimu ukiwa umefungwa, chama kitakutana. Mzee Isom ameomba Bi Vernell aruhusiwe kusema, ingawa si mwanachama na hana kura. Atawaomba kila bunduki ipigwe kwenye karatasi kabla ya msimu, mtu asifyatue zaidi ya hatua thelathini na tano, na mkasi usitoke mfukoni mpaka watu wawili wamekwenda kutazama mahali mnyama aliposimama. Wanachama ni arobaini na watatu. Zinatakiwa kura ishirini na mbili.

"Utalivaa siku hiyo," anamwambia Tobin. "Usichomekee."

"Nitalivaa."

Anakata uzi kwa meno, analikung'uta shati, na kumpa.

"Isom mmoja, wewe wa pili," anasema. "Bado ishirini. Umekula?"